Shughuli Zikiingia Baina ya Mume na Mke



Siku hizi ukimjulia mtu hali, mara nyingi atakujibu: "Tunasukuma tu, kazi ni nyingi." Jibu hilo limekuwa kama sifa. Mwenye pilkapilka huonekana mtu wa maana, na aliyeketi huonekana mvivu. Katika somo hili tutazame jinsi mtindo huu unavyoigusa ndoa, na hatua ambazo mume na mke wanaweza kuchukua pamoja.

Kwanza tukubali kwamba familia nyingi hazina hiari. Karo, kodi ya nyumba na chakula havingoji. Baba anayetoka Kitengela au Thika kabla ya mapambazuko ili aukwepe msongamano wa magari, na kurudi watoto wakiwa wamelala, hafanyi hivyo kwa kupenda. Mama anayefundisha mchana na kuuza duka jioni anastahili shukrani. Jasho lao ni upendo.

Lakini kuna shughuli za namna nyingine, na hizo ndizo tunataka kuzichunguza.

Shughuli kama maficho

Chukueni mfano huu. Mume na mke wanatofautiana juu ya pesa alizotumiwa ndugu wa mume. Maneno yanakatika kabla hawajaelewana. Wiki inayofuata mume anapata sababu ya kubaki kazini hadi usiku. Mke naye anajiunga na chama cha pili. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Majirani wanawasifu kwa bidii yao. Hata hivyo, miezi inapita wakiambiana habari za karo, gesi na mgonjwa wa nyumbani tu. Lile jambo la pesa liko palepale, nalo linazidi kuwa zito.

Hapo ndipo penye hatari. Wakigombana kwa sauti, wazee au wasimamizi wa ndoa yao watasikia na kuja kuwapatanisha. Ukimya uliofunikwa na kazi hausikiki, kwa hiyo hakuna anayebisha hodi.

Hata shughuli za Kanisa zinaweza kutumika hivyo. Jumanne ni kwaya, Alhamisi ni jumuiya ndogo, Jumamosi ni harusi au mazishi, Jumapili ni mkutano wa parokia. Yote ni mema. Lakini mtu akikimbilia huko ili asibaki nyumbani na mwenzake, ajiulize anamtumikia nani. Tukumbuke Martha katika Injili ya Luka, sura ya 10. Chakula alichotayarisha hakikuwa kibaya. Taabu yake ilikuwa kwamba mahangaiko mengi yalimnyima nafasi ya kukaa na mgeni wake.

Simu nayo imeongeza uzito. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa benki na duka mfukoni, na imetusaidia sana. Zamani mwenye duka alipofunga mlango, siku ilikuwa imekwisha. Leo wateja wanamfuata hadi kitandani.

Mapumziko ni haki na ni wajibu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Anayejiajiri hana wa kumpa likizo. Ni lazima ajipe mwenyewe.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1998 juu ya Jumapili, alifundisha kwamba siku hiyo ni ya Bwana na pia ni ya binadamu: siku ya furaha, pumziko na mshikamano. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwakumbusha wanandoa kwamba mazungumzo yanataka muda, na kwamba kusikiliza ni kumvumilia mwenzako mpaka amalize lililo moyoni.

La kufanya

1. Kila mmoja aandike shughuli zake zote za wiki moja. Atie alama zile zinazolisha familia, zile zinazowatumikia wengine, na zile asizoweza kueleza sababu yake. Kisha mbadilishane karatasi bila kulaumiana.

2. Kila mmoja achague shughuli moja ya kupunguza. Asimchagulie mwenzake.

3. Tengeni dakika 20 kila siku. Wale waliopitia Marriage Encounter wanaijua njia hii: dakika 10 kila mmoja anaandika anavyohisi, kisha dakika 10 mnazungumza juu ya mlichoandika. Simu zikae chumba kingine.

4. Ilindeni Jumapili alasiri. Walinzi, wauguzi na wengine wanaofanya kazi siku hiyo wachague saa nyingine za juma, nao wazishike.

5. Mkitenganishwa na kazi, mmoja Mombasa na mwingine nyumbani Kakamega, wekeni saa ya kupigiana simu. Anzeni kwa kuulizana hali. Habari za pesa zifuate.

Kuna wanandoa watakaogundua kwamba wakiketi hawana la kusema. Msiogope. Siku chache za kwanza zitakuwa ngumu. Jambo lile mlilolikwepa litajitokeza, na likijitokeza mnaweza kulishughulikia. Likiwashinda, mwendeeni padre au wasimamizi wa ndoa yenu mapema.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Mara ya mwisho tuliketi sisi wawili bila kazi mkononi ni lini?
- Ni jambo gani ambalo hatujalimaliza, na kila mmoja anakimbilia wapi ili asilikute?
- Watoto wetu wakiulizwa baba na mama hupenda kuzungumza nini, watajibu nini?