Sura za Mwezi na Kupatwa Kwake

Wanafunzi wengi hudhani kwamba hilali husababishwa na kivuli cha dunia. Sivyo. Atazamaye mwezi kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, huiona hilali ya jioni magharibi, karibu na jua lililotua. Wakati huo kivuli cha dunia kimeelekea mashariki. Hilali ni sehemu ndogo tu ionekanayo ya nusu inayoangazwa na jua.

Kivuli hicho huweza kuufikia mwezi mpevu peke yake, dunia ikiwa katikati. Lakini njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5. Kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita kando ya kivuli. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipita ndani yake, ukafunikwa wote tangu saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku.