Panya Hai au Panya Aliyegandishwa? Chakula cha Nyoka wa Kufugwa na Afya ya Familia

Utangulizi

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, nyoka hufugwa nyumbani kama afugwavyo paka au kasuku. Anayependwa zaidi ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye husafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin. Afrika Mashariki desturi hiyo ni nadra, na wanyamapori hawafugwi bila kibali; hata hivyo, wapo watunzaji wa nyoka katika bustani za maonyesho, na wapo Waswahili wanaoishi ughaibuni ambao watoto wao huomba kununuliwa nyoka. Kwa wote hao swali ni moja: nyoka alishwe panya aliye hai au aliyekufa na kugandishwa? Swali hili huonekana kuwa la mfugaji peke yake, lakini jibu lake linagusa pia jiko, jokofu na watoto wa nyumba hiyo.

Hatari za panya hai

Wengi hudhani kuwa nyoka hana cha kuogopa kwa panya. Porini nyoka huvizia, hushambulia na, akishindwa, huenda zake. Ndani ya kizimba hakuna pa kwenda. Nyoka asiye na njaa, au aliye karibu kujivua gamba, humwacha panya atembee. Naye panya, akiwa na hofu au njaa, humng'ata. Majeraha hayo huweza kufika hadi kwenye misuli, kuharibu jicho, na kufanya usaha.

Mfugaji naye hayuko salama. Panya hai humng'ata anayemshika, na mate yake huweza kubeba bakteria wa homa ya kung'atwa na panya. Ugonjwa huo huleta homa, maumivu ya viungo na vipele, na usipotibiwa kwa antibiotiki huweza kuua. Aidha, kuna suala la huruma: panya anayesubiri kifo ndani ya kizimba hupata mateso yasiyo ya lazima. Kwa sababu hizo, madaktari wengi wa mifugo wanaotibu nyoka hushauri mawindo yaliyokwisha kufa.

Barafu haiui kila kitu

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mfugaji akishaambiwa kuwa panya aliyegandishwa ni salama kwa nyoka, hudhani kuwa ni salama kwa binadamu pia. Sivyo. Ubaridi wa friza huwalaza bakteria wa salmonela, hauwaui. Panya anapoyeyuka, nao huamka.

Ushahidi upo. Mwaka 2010, mamlaka za afya za Marekani zilifuatilia mlipuko wa salmonela hadi kwenye panya waliogandishwa kwa ajili ya kulisha nyoka na reptilia wengine. Mwaka 2022, Uingereza ilisitisha uingizaji wa panya wa aina hiyo kutoka Lithuania baada ya mlipuko uliodumu kwa miaka kadhaa. Isitoshe, nyoka mwenyewe huweza kubeba salmonela tumboni na kuwatoa katika kinyesi bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo kubadilisha aina ya chakula hupunguza hatari, lakini hakuiondoi.

Walio katika hatari zaidi

Mtu mzima mwenye afya hupata homa, kuhara na maumivu ya tumbo, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja. Hali ni tofauti kwa watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na VVU bila matibabu. Kwao bakteria huweza kuingia katika damu au utando wa ubongo. Mtoto mwenye selimundu yumo katika hatari ya pekee, kwani salmonela hupenda kushambulia mifupa yake. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo ni heri isifuge nyoka kabisa.

Namna salama ya kulisha

• Panya wahifadhiwe katika friza yao wenyewe. Ikiwa haipo, wawekwe ndani ya chombo kinachofungwa barabara, mbali na chakula cha watu.

• Panya ayeyushwe ndani ya mfuko uliofungwa, katika chombo kisichotumika kwa mapishi, kisha apashwe moto kwa maji ya uvuguvugu. Maikrowevu isitumike: huchoma upande mmoja na kuacha mwingine baridi, na huchafua kifaa cha chakula.

• Ukubwa wa panya usizidi sana unene wa nyoka katika sehemu yake nene zaidi.

• Panya ashikwe kwa koleo refu, ili nyoka asiukosee mkono kuwa ndio chakula.

• Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka mara baada ya kazi. Maji ya kizimba yasimwagwe katika sinki la jikoni.

• Watoto wa chini ya miaka 5 wasishike nyoka, panya wala vyombo vyao.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa anapofika na homa na kuhara, ni vema kuuliza kama nyumbani kuna nyoka, kobe au mjusi wa kufugwa. Mara nyingi mgonjwa hataji asipoulizwa. Tiba ya msingi ni kurudisha maji mwilini kwa ORS, pamoja na zinki kwa watoto. Antibiotiki hazihitajiki kwa kila mgonjwa. Hutolewa pale ugonjwa unapokuwa mkali au mgonjwa anapokuwa katika kundi la hatari. Homa isiyoshuka, damu katika choo, shingo kukakamaa, au maumivu ya mfupa kwa mtoto mwenye selimundu ni dalili za kumpeleka hospitali bila kuchelewa na kuotesha damu maabara.

Hitimisho

Panya aliyegandishwa ni bora kuliko aliye hai, kwa nyoka na kwa anayemlisha. Lakini ubora huo hukamilika kwa sabuni, chombo cha pekee na mlango wa jiko uliofungwa. Kinga ni bora kuliko tiba.