Nne na Nne Si Nne

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia, nawapa somo nililolipia. Likizo iliyopita mjomba wangu, mwenye teksi mjini Jinja, alinunua spika mbili za besi, kila moja ya omu 4. Amplifaya yake ilikuwa na onyo: ukinzani usipungue omu 4. Nikasema, nne kwa nne, sawasawa! Nikafunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hatujafika sokoni, moshi.

Kosa ni hili. Spika zikifungwa sambamba hivyo, umeme hupata njia mbili, na ukinzani hushuka kuwa omu 2. Basi amplifaya hutoa mkondo kupita uwezo wake. Zikifungwa mfululizo, hasi ya kwanza ikishikana na chanya ya pili, huwa omu 8: amplifaya i salama, ila nguvu hupungua kama nusu. Zilizofaa ni spika mbili za omu 8, zikafungwa sambamba. Hapo hupatikana omu 4 kamili.

Kuhusu wati, zitazameni zile za mfululizo, si zile kubwa zilizopambwa kwenye boksi, maana hizo ni za kuuzia.

Mjomba amenunua amplifaya nyingine. Nami kila Jumamosi naosha teksi.