Kunguru Hajawahi Kumeza Kidonge

Ukikaa kantini mchana hukosi kumsikia mtu akisema, "Mimi amoksilini hainishiki tena, mwili umeshaizoea." Anayeamini hivyo akipata mafua anakwenda duka la dawa kuomba antibayotiki kali zaidi, wakati mafua husababishwa na virusi na antibayotiki haigusi virusi. Sisi wa ualimu nasi tunalisema hilo, na mwakani tutasimama mbele ya Kidato cha Pili kufundisha bakteria. Tulinyooshe mapema, na leo mwalimu awe ndege.

Mwaka 2008 watafiti kutoka Sweden walichapisha matokeo ya kazi yao kaskazini kabisa mwa dunia: Siberia, Alaska na Greenland. Walichukua sampuli kwa ndege wa porini, wakaotesha bakteria aina ya E. coli, wakawapima kwa dawa mbalimbali. Baadhi ya bakteria hao walikuwa sugu, wengine kwa dawa zaidi ya moja. Ndege wenyewe hawakuandikiwa dozi na daktari yeyote. Sasa hapo mwili wa nani umezoea dawa?

Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwenye mwili. E. coli akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kujigawa huko hutokea mabadiliko madogo ya kijeni, na mara mojamoja badiliko moja humpa kinga, mathalani uwezo wa kuisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Dawa ikija inaua wenzake, yeye anabaki na uwanja wote. Tena hahitaji kusubiri uzao. Chembe za kinga nyingi hukaa kwenye kipande cha DNA cha mviringo kiitwacho plasimidi, na anaweza kumpa nakala bakteria jirani, hata wa aina nyingine, kama tunavyorushiana notisi usiku wa kuamkia UE. Hajasoma, kapewa.

Ndege anakula jalalani, anakunywa maji ya mtaroni, anaruka na bakteria tumboni. Mara nyingi haumwi kabisa. Kubeba bakteria ni jambo moja, kuugua ni jingine. Salmonela huweza kumuua shomoro, lakini E. coli sugu anaweza kukaa kwa kunguru kama mpangaji asiye na kelele.

Je, lawama ni za ndege? Nairobi watafiti walizunguka kaya 99 wakilinganisha E. coli wa watu, mifugo na wanyamapori, ndege wakiwemo. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kuwa wanyamapori ni wapokeaji wa usugu zaidi kuliko kuwa chanzo chake. Yaani sisi na mifugo yetu ndio tunaowapa. Kunguru wa pwani wana kesi nyingine (kula mayai na makinda ya ndege wa asili, kwa mfano) na huko siwatetei, ila hii si yao.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, kipindi cha kwanza nitakifanyia nje, mbali kidogo na jalala la shule. Wanafunzi wahesabu ndege wa aina ngapi wanatua pale kwa nusu saa, na wakiruka wanaelekea wapi. Vidonge tutavizungumzia tukirudi darasani.