Kukanda mwili kisha kupasuliwa: mukono mwepesi, si maji ya moto



Mugonjwa akitoka hospitalini kisha kupasuliwa, jamaa wanakusanyika. Mama mukubwa anatia maji motoni, anachukua kitambaa, anaanza kumukanda kwa nguvu, kama tunavyomukanda mama aliyezaa. Roho yake ni njema. Lakini kwa mutu mwenye kidonda cha kisu kazi hiyo inaweza kuleta hatari, na mara moja moja inaweza kuua. Iko namna ingine ya kukanda, ile ya kusukuma limfe. Hata hiyo ina saa yake.

Limfe ni nini? Damu ikipita mwilini, maji kidogo yanatoka katika mishipa na kulowesha nyama. Mishipa mingine, myembamba sana, inayakusanya na kuyapeleka kwenye tezi za kwapani, za shingoni na za kinena. Hapo vijidudu vinakamatwa. Kisha limfe inarudi katika damu karibu na mifupa ya mabega. Wafanyakazi wa shimo wataelewa upesi: maji yanaingia kila saa, na pompe ikisimama shimo linajaa. Lakini limfe haina moyo wa kuisukuma kama damu. Mishipa yake inajikaza polepole, na misuli inayotembea pamoja na pumzi vinaisaidia.

Munganga akikata nyama, anakata mishipa hiyo pia. Kuvimba kidogo kando ya kidonda siku za kwanza si ajabu, na mara nyingi kunaisha. Jambo gumu ni la mama aliyepasuliwa kwa sababu ya kansa ya ziwa, akaondolewa tezi za kwapani. Njia imefungwa. Mukono unaweza kuvimba kisha miezi, hata kisha miaka, wakati yeye amekwisha kusahau hospitali.

Emil Vodder, mutu wa Denmark, na bibi yake Estrid walianza kukanda kwa namna hii kule Cannes, Ufaransa, katika miaka ya 1930. Mufundi hatumii nguvu. Anaweka kiganja juu ya ngozi na kuisogeza polepole, ngozi tu, bila kufinya nyama. Uzito ni ule wa kupapasa kichwa cha mutoto muchanga aliyelala. Anaanza shingoni na pale penye tezi nzima, ili kufungua njia. Ndipo anashika mukono uliovimba, akisukuma daima kwenda mwilini. Ngozi ikiwa nyekundu, amezidisha.

Tuseme kweli: kukanda peke yake hakutoshi. Waganga wa Leuven, Ubelgiji, walitoa mwaka 2011 habari ya wagonjwa 160 waliopasuliwa ziwa na kuondolewa tezi. Wote walifundishwa mazoezi na namna ya kujitunza. Nusu yao walikandwa pia. Kisha mwaka mumoja, hesabu ya mikono iliyovimba haikuachana sana. Basi usiuze mbuzi kwa kumulipa mutu anayeahidi kuwa mikono yake itazuia kuvimba. Kwa mukono uliokwisha kuvimba, kukanda ni musaada pamoja na bandeji ya kukaza inayofungwa na mwenye kujua.

Mambo mengine hayana bei. Tembea. Vuta pumzi ndefu. Weka mukono juu ya mutoo, fungua na kufunga ngumi. Osha ngozi, ikaushe, ipake mafuta. Jilinde na jembe, miiba na sufuria ya moto, maana kidonda kidogo katika mukono ule kinaleta homa kubwa. Baba anayevaa glavu kazini, amutafutie bibi yake glavu za shamba! Na wembe wa kuchanjia usiuguse mukono uliovimba hata siku moja.

Sasa sikieni vizuri. Muguu mumoja ukivimba kisha kupasuliwa, ukiuma nyuma ya goti au katika shavu la muguu, ukiwa na moto, MUSIUKANDE. Labda damu imeganda ndani. Ukiukanda, kipande kinaweza kung'oka na kwenda mpaka katika mapafu. Hatari hii inaongezeka kwa mutu aliyelala siku nyingi, au aliyekaa kitako safari nzima. Toka Kolwezi mpaka Kisenge ni zaidi ya kilomita 200; mugonjwa ashuke kila musimamo, atembee kidogo. Akishikwa ghafla na maumivu ya kifua, akikosa pumzi au akikohoa damu, apelekwe hospitalini saa ile ile.

Musikande pia penye usaha, wekundu au homa, wala mutu mwenye moyo mugonjwa anayevimba miguu yote miwili.

Mbele ya kutoka hospitalini, ulizeni munganga: Mumeondoa tezi? Za upande gani? Tunaweza kukanda toka siku gani, na nani atatuonyesha? Aandike majibu katika karatasi, nanyi muyaonyeshe kwa mwuguzi wa dispansari mukifika nyumbani.