Mtoto mchanga akitapika kijani, usingoje kukuche

Mtoto mchanga kucheua maziwa baada ya kunyonya ni kawaida. Kutapika kijani si kawaida, hata ikiwa ni mara moja tu. Kijani hicho ni nyongo, na inaporudi juu badala ya kushuka, daktari huhesabu kwamba utumbo umeziba hadi vipimo vioneshe vinginevyo.

Baadhi ya watoto huzaliwa na kasoro za utumbo zilizojitokeza viungo vilipokuwa vikiumbika. Kuna utumbo uliokatika au kuziba njiani, na kuna uliokaa vibaya ukaweza kujisokota. Ugonjwa wa Hirschsprung hutokea sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inapokosa neva za kuusukuma uchafu. Wengine huzaliwa bila njia ya haja kubwa. Kasoro hizi mbili za mwisho, kila moja humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000.

Dalili za kuangalia

• Matapishi ya kijani.
• Saa 24 kupita bila choo cha kwanza, kile cheusi chenye kunata. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati hukipata ndani ya muda huo.
• Tumbo kujaa na kukaza. Utumbo ukiziba juu kabisa, tumbo huenda lisijae, hivyo msilitegemee peke yake.
• Kukosa tundu la haja kubwa, au choo kutoka pasipo pake.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, mwombe mkunga amkague mtoto sehemu hiyo mbele yako. Kuona choo kwenye nepi hakutoshi: mtoto wa kike anaweza kukosa tundu na bado choo kikapenya kitundu kidogo karibu na uke.

Wengi nyumbani husema ni mchango, wakatafuta mizizi ya kuchemsha. Utumbo uliojisokota hukosa damu na unaweza kufa ndani ya saa chache. Usimpe mtoto dawa yoyote, mpeleke hospitali.

Hospitalini

Eksirei ya tumbo huonesha mahali hewa ilipokwama. Mara nyingine mtoto hupewa dawa inayoonekana kwenye picha ili njia ya utumbo ifuatwe. Hirschsprung huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha ukuta wa utumbo na kukipima kwa darubini.

Kabla ya upasuaji, mtoto husimamishwa kunyonya, huwekewa dripu, hutiwa mrija puani wa kutoa uchafu tumboni, na kufunikwa apate joto. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto wako zaidi katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, KCMC na Bugando kwa Tanzania, au Kenyatta kwa Kenya. Kwa hiyo huduma hizo zianze hospitali ya karibu, kabla ya gari la rufaa kuondoka. Mama aendelee kukamua maziwa yasikauke.

Sehemu iliyoziba hukatwa na utumbo kuunganishwa. Utumbo uliojisokota hunyooshwa haraka. Mtoto asiye na njia ya haja kubwa mara nyingi hutolewa kwanza utumbo kupitia ukuta wa tumbo, choo kipite hapo kwenye mfuko. Njia mpya hutengenezwa baadaye, na ikishapona, ile ya tumboni hufungwa. Wazazi hufundishwa kusafisha na kubadilisha mfuko, pia kupanua njia mpya kwa vifaa maalumu isibane.

Aliyefanyiwa upasuaji wa Hirschsprung akipata homa, tumbo kujaa na kuharisha choo chenye harufu kali, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kasoro hizi hazitokani na laana wala uzembe wa mama, na nyingi zinatibika mtoto akifikishwa mapema. Baba, bibi na shangazi, mkiona kijani, tafuteni usafiri kwanza. Ushauri wa majirani utafuata baadaye.