Maumivu sugu ya kiuno: Usisubiri yaishe ndipo urudi kazini



Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie maradhi ambayo aghalabu hayaui lakini yanazima jiko: maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, na namna mgonjwa anavyorejea kwenye kazi yake.

Alinijia kuli mmoja wa sokoni, mtu wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto watano. Kiuno kilimkamata siku aliyokuwa akishusha viazi vya lumbesa kutoka kwenye fuso. Alipopiga picha akaambiwa pingili zimesagika. Toka hapo hakuinama tena. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kitandani na barazani, anavalishwa viatu, anaswali kwenye kiti, na nyumba inakula kwa vitumbua vya mkewe. Akaniuliza, "Daktari, haya maumivu yakiisha kabisa ndiyo nirudi kazini?" Nikamjibu, "Kaka, ukisubiri yaishe kabisa, huenda usirudi."

Sikusema hivyo kumvunja moyo. Msuli au kano iliyojeruhiwa kwa kawaida hupona ndani ya wiki kadhaa, na miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa wengi. Kinachouma baada ya hapo mara nyingi si kidonda kinachoendelea kuchimbika. Ni mishipa ya fahamu iliyoshtuka, mfano wa mlinzi aliyewahi kuvamiwa: akisikia paka juu ya bati anapiga kelele za mwizi. Mgonjwa naye anaogopa na kulala, misuli inalegea, na akiinuka kidogo tu anaumia zaidi. Basi anazidi kulala.

Na picha zisikutishe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya vijana wa miaka 20 wana dalili za kuchakaa kwa pingili, na kwa wazee wa miaka 80 ni karibu wote. Ni kama mvi.

Lakini kuna kiuno kisichotakiwa kusubiri makala ya gazeti. Ukishindwa kuzuia haja au mkojo ukikataa kutoka, ukifa ganzi sehemu za siri na makalioni, au mguu ukipoteza nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, pamoja na maumivu yasiyotulia hata ukilala, yanahitaji kupimwa haraka. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo. Vivyo hivyo aliyeanguka vibaya au aliyewahi kuugua saratani.

Kuhusu dawa sina mengi. Diclofenac inayomezwa kama karanga inatoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Mikanda ya kiuno inayouzwa mitaani, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 halipendekezi itumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu. Wapo pia wanaoniuliza kuhusu hijama. Sina ugomvi nayo ikifanywa kwa wembe mpya na vifaa safi, ila hijama haimbebei mtu gunia.

Kinachosaidia ni mwili kuzoeshwa upya, kwa kipimo. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa wafanyakazi wa kiwanda cha Volvo mjini Gothenburg, Sweden, waliokuwa likizo ya ugonjwa kwa ajili ya kiuno. Waliopangiwa mazoezi kwa idadi iliyowekwa mapema na kuongezwa hatua kwa hatua, bila kufuata siku hiyo wanaumwa kiasi gani, walirudi kazini mapema kuliko wenzao.

Ndivyo tulivyofanya na ndugu yetu, kwa msaada wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kila wiki tunaongeza. Kulala chali na kuinua makalio. Kupiga magoti na mikono chini, kisha kuukunja na kuulegeza mgongo taratibu.

Swala nayo iliingia humo. Maana ya hadithi ya Imran bin Huswayn (RA) iliyopokewa na Bukhari tunaijua: asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Ruhusa hiyo hupimwa kwa kila nguzo peke yake. Anayeweza kusimama husimama, hata kama sijida inamshinda. Tulianza na Adhuhuri, mwili ukiwa umeshapata moto: rakaa mbili za mwanzo bila kiti, akishindwa akae. Baada ya mwezi kiti kilirudi sebuleni.

Kazini alirudi kiuno kikiwa bado kinauma. Nilizungumza na msimamizi wake kwa simu, na hili nawasihi waajiri: mgonjwa akiomba nusu siku msimfukuze. Wiki mbili za mwanzo alifanya nusu siku, kusukuma toroli na kubeba maboksi ya kilo kumi tu. Baadaye kilo kumi na tano, kisha ishirini. Mzigo aukumbatie karibu na kifua, na akigeuka ageuze miguu, si kiuno. Saa ya kwanza baada ya kuamka asiiname na mzigo mzito, maana pingili huwa zimejaa maji ya usiku.

Kanuni yetu ilikuwa hii: maumivu yakipanda kazini na kesho yake asubuhi yakawa yameshuka mahali pake, endelea. Yakiwa bado juu, rudi hatua moja nyuma, lakini usirudi kitandani. Alirudi nyuma mara mbili, na mara ya pili alikata tamaa kweli. Mkewe ndiye aliyemtoa ndani.

Mwenye ajira rasmi aliyeumia kazini aulizie haki yake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kuli wa kutwa kama huyu hana wa kumlipa, na lumbesa ndiyo inayomvunja. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 linapendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lumbesa inapita hapo takriban mara mbili.

Leo anafanya siku nzima. Kiuno bado kinamkumbusha, hasa akikaa sana kwenye daladala, na lumbesa anazikataa, hivyo kipato hakijafikia cha zamani. Vitumbua vinaendelea, ila sasa ni yeye anayembebea mkewe ndoo ya unga.